Nani Aliwaweka Chini ya Jahazi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu. Mwenye shughuli aihifadhi airudie baada ya Isha, lakini tafadhalini msisome nusu mkaanza kunijibu hapo chini.

Hadithi ya jahazi sidhani kuna asiyeijua. Ameipokea Imam Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir, Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na baba yake. Watu wamepanda chombo kimoja, wengine wakapata nafasi juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji hawana budi kupita kwa wa juu. Wakaona wanawaudhi wenzao, wakawaza watoboe tundu upande wao, wachote maji huko huko. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akatufundisha kwamba wakiachwa watoboe wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote.

Sisi makhatibu tunaipenda sana hadithi hii. Tunaitoa tukikemea ulevi, tukikemea miraa, tukikemea simu za vijana. Na karibu kila tukiisimulia, mjinga wa kisa ni yule wa chini. Lakini mwanzoni mwa hadithi kuna neno ambalo huwa tunalipita mbio: watu wale walipiga kura. Nani akae juu na nani akae chini, kura ndiyo iliyoamua. Hakuna aliyeshushwa chini kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, wala kwa sababu mfuko wake ni mtupu, wala kwa sababu hajui kuandika barua ya malalamiko kwa Kiingereza. Na kura katika dini yetu ni njia ya uadilifu. Mtume mwenyewe alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wakeze, ajue nani atafuatana naye.

Sasa tuulizane. Katika miji yetu, nani akae karibu na jaa la taka, nani akae chini ya bomba la moshi wa kiwanda, nani anywe maji yaliyopita kwenye sumu: kura hiyo ilipigwa lini? Nani aliishuhudia?

Mimi ni mtu wa Mombasa. Wenye umri wangu mnakumbuka Kibarani, pale unapotoka kisiwani kwenda Changamwe na uwanja wa ndege. Miaka na miaka taka za mji mzima zilimwagwa pale, kandokando ya bahari, na moshi ukifuka usiku na mchana. Tukifika pale ndani ya matatu kila mtu hufunga dirisha na kuziba pua kwa ukingo wa kanzu au kwa mtandio, dakika mbili tatu, kisha tunashusha pumzi na maongezi yanaendelea. Waliokuwa wakiishi pale hawakuwa na dirisha la kufunga. Baadaye jaa lile likafungwa, pakapandwa miti, na leo mgeni anayetoka uwanja wa ndege anapita mahali pazuri. Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini taka hazikupaa mbinguni. Zilipelekwa Mwakirunge, huko ndani Kisauni, ambako watalii hawapiti. Na huko nako wako watu, na wana watoto.

Kutoka hapo Kibarani hadi Owino Uhuru si mbali. Ni mtaa wa mabanda upande wa Jomvu, wenye watu wapatao 3,000, waliokuja kutafuta riziki kutoka pande nyingi, wa dini mbalimbali. Ubavuni mwa mtaa huo kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Ukuta wa kiwanda na ukuta wa mabati ya nyumba vilikuwa vinapakana. Moshi ukishuka juu ya mapaa, na maji machafu yakipita palepale watoto wanapocheza. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa na kiwanda hicho. Mtoto wake mchanga akaugua. Hospitali zikamtibu maradhi ya kawaida, hapati nafuu, mpaka alipopimwa damu ikaonekana ana sumu ya risasi. Mama yule alikuwa akimnyonyesha. Fikirini hapo kidogo, hasa nyinyi kina baba: mama anampa mwanawe kile ambacho Mwenyezi Mungu amemjaalia kuwa chakula safi kuliko vyote, na ndani yake mna sumu aliyokwenda kuichuma kazini.

Aliacha kazi, akaanza kugonga milango. Alikamatwa, akatishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: toka kiwanda kufungwa hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi. Mtoto aliyekuwa wa chekechea wakati ule sasa ana ndevu.

Wapo ndugu waliowahi kuniambia, "Sheikh, hao si watu wetu." Nawajibu hapa hadharani. Haki ya jirani katika Uislamu haiulizi jirani anaswali wapi. Wanavyuoni wamesema jirani asiyekuwa Muislamu ana haki moja kamili, haki ya ujirani, na Mtume alikuwa na majirani Mayahudi akiamiliana nao. Anayengoja mdhulumiwa awe Muislamu ndipo aite dhulma kwa jina lake, huyo anatetea kabila lake, na dini aiweke kando.

Nataka niseme jambo kuhusu hii risasi, kwa sababu linatugusa sisi walimu wa madrasa moja kwa moja. Mwili huidhania risasi kuwa ni kalisi, ile inayojenga mifupa, basi huipokea na kuiweka akiba mifupani. Mama akibeba mimba, akiba ile hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo huinyonya mara nne au tano kuliko mtu mzima, naye ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kushika, hatulii, anakasirika upesi, na kilichoharibika hakirudi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, na nusu yao walikutwa na risasi kwenye damu kwa kiwango kilichohesabiwa wakati ule kuwa cha hatari.

Basi mwalimu mwenzangu, unaye mtoto mbele yako, wiki ya tatu sasa yuko kwenye Suratul Mutaffifin, leo anashika na kesho amesahau. Umemwita mvivu. Umemchapa. Sisemi kila mtoto mzito ana sumu mwilini, na sisi si madaktari. Nasema ulizia kwanza anakaa wapi. Wanavyuoni wetu wametaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukizungumzia kuhifadhi akili tunataja pombe na bangi, basi. Hii sumu inaingia kwenye akili ya mtoto ambaye hajawahi kukaribia pombe, inaharibu kizazi kabla hakijazaliwa, inaua nafsi, na kumaliza mali ya wazazi kwenye mabenchi ya zahanati. Na ile surah anayoshindwa kuihifadhi inaanza kwa kuwatishia wanaopunja mizani!

Kuna atakayesema hayo ni matatizo ya nchi zetu za rushwa, kwa wenzetu sheria inafanya kazi. Ndugu mmoja anayefuatilia darsa hizi, mtu wa Lamu anayeishi Michigan, aliniandikia kuhusu hilo hilo. Alinieleza mtaa wa Waislamu pale Dearborn, upande wa kusini, wengi wao Wayemeni, uliobanwa na kiwanda kikubwa cha magari na chuma. Humo humo mna msikiti wa tangu miaka ya 1930, kati ya misikiti ya zamani ya Marekani. Wahamiaji walifuata kazi, wakajenga karibu na geti la kiwanda, na moshi ukawa jirani wa kudumu. Barua yake ilinifanya nisome zaidi juu ya nchi ile, na niliyoyasoma yalinikosesha usingizi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mji wa Houston, mtafiti aitwaye Robert Bullard alikaa akahesabu. Watu weusi walikuwa kama robo ya wakazi wa mji. Majaa ya taka ya manispaa yalikuwa matano, na yote matano yalikuwa kwenye mitaa ya weusi. Matanuri ya kuchomea taka yalikuwa manane, na sita yalikuwa kwenye mitaa hiyo hiyo. Angalieni vizuri: jaa jipya lililozusha kesi na kumfanya ahesabu lilikuwa linapelekwa kwenye mtaa wa weusi wenye nyumba zao wenyewe, watu wa kipato cha kati. Pesa walikuwa nazo, hazikuwakinga.

Mwaka 1982 jimbo la North Carolina lilikuwa na udongo uliochafuliwa na mafuta yenye sumu, yaliyomwagwa kando ya barabara nyakati za usiku. Likatafuta pa kuuzika. Likachagua kaunti ya Warren, ya watu weusi na maskini. Wanakijiji wakalala barabarani mbele ya malori, wazee na watoto, na zaidi ya watu 500 wakakamatwa. Udongo ukazikwa palepale. Lakini kelele zile zilizaa uchunguzi, na mwaka 1987 kanisa moja la huko lilichapisha ripoti ya nchi nzima. Ikaonekana kwamba ukitaka kujua taka za sumu za biashara zitawekwa wapi, rangi ya wakazi ilikuonyesha mahali kwa uhakika zaidi kuliko kipato chao. Hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mtume wetu katika hija yake ya mwisho alisema hakuna ubora wa mweupe juu ya mweusi ila kwa uchamungu. Sisi tumeyahifadhi maneno yale kwa moyo. Kazi ya kuhesabu majaa wakaifanya wengine.

Kisha kuna Flint, huko huko Michigan. Mwaka 2014 ulikuwa mji wenye watu kama 100,000, zaidi ya nusu yao weusi, na karibu watu wanne katika kila kumi walikuwa mafukara kwa hesabu ya nchi yao. Mji ulikuwa na madeni, serikali ya jimbo ikauweka chini ya msimamizi asiyechaguliwa na wananchi. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, maji ya ziwa waliyokuwa wakiletewa kutoka Detroit yakakatwa, wakafunguliwa maji ya mto wa Flint. Maji yale yalikuwa yanakula vyuma, na dawa ya kuzuia yasile haikutiwa. Yakala mabomba ya zamani ya risasi, na risasi ikatoka mabombani ikaingia bilaurini. Watu wakapeleka chupa za maji ya rangi ya kutu kwenye mikutano, wakaambiwa ni salama.

Oktoba mwaka ule ule kiwanda cha General Motors kilichopo Flint kikaona maji yanakula vyuma vya injini, kikaomba kubadilishiwa, kikabadilishiwa. Watoto waliendelea kuyanywa mwaka mzima zaidi. Yaani chuma kililalamika siku moja kikasikilizwa. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, ndiye aliyetoa hesabu Septemba 2015 kuonyesha kuwa watoto wenye risasi nyingi kwenye damu wameongezeka takriban maradufu, naye akabezwa kwanza kabla ya kukubaliwa. Maji ya zamani yakarudishwa Oktoba. Mwaka 2017 tume ya haki za raia ya jimbo hilo ikaandika wazi kwamba ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya mifumo ulikuwa na sehemu yake katika msiba ule.

Rudini sasa kwenye jahazi. Wa chini walitaka nini? Maji. Walikuwa wanapita kwa wa juu kuomba maji, na wakaona haya kuwasumbua. Watu wa Flint walikwenda kwa wa juu na chupa mikononi. Tundu walikuta limeshatobolewa, na aliyelitoboa yuko juu, pakavu.

Nije kwenye fiqhi, maana hapa ndipo tunapohitaji ukweli baina yetu. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na Minhaj ya Imam Nawawi tumeisoma mbele ya masheikh wetu tukiwa na vidole juu ya mstari. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, Imam anasema mwenye mali ana haki ya kutumia mali yake kwa mujibu wa ada, na akivuka mpaka atadhamini. Kisha anasema, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwamba mtu anaweza kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au banda la wanyama, na duka lake katikati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Nimewahi kusikia mfanyabiashara, tena msomi, akiitoa ibara hiyo kujitetea: mali yangu, kiwanja changu, Nawawi ameniruhusu.

Ndugu yangu, endelea kusoma, sentensi haijaisha. Imam ameweka sharti: awe amechukua tahadhari na kuimarisha kuta. Na alikuwa anazungumzia nini? Moshi wa kuchemshia maji ya kuogea, harufu ya punda, kishindo cha nyundo, Damascus ya karne ya saba Hijria. Ni adha ambazo jirani anaziona, anazinusa, anazisikia, na akihama zinakwisha. Sumu isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye mfupa wa binti mpaka aje kuzaa, hiyo ukuta gani uliimarishwa dhidi yake? Anayeichukua ruhusa na kuliacha sharti ameiba nusu ya kitabu. Na ndugu zetu Wamaliki walikuwa wakali zaidi: walizuia moshi wa hamamu na matanuri, harufu ya viwanda vya ngozi, vumbi la uwanja wa kupuria nafaka. Tunis katika karne ya nane Hijria alikuwapo fundi mwashi, Ibn al-Rami, aliyekuwa akitumwa na makadhi kwenda kuangalia kuta na mifereji, akaandika kitabu kizima cha hukumu za majengo. Fundi mwashi! Kadhi hakutosheka na maneno ya mwenye kiwanda, alituma mtu mwenye ujuzi akaone kwa macho.

Kuna kanuni nyingine tunaisomesha kwenye biashara tu: al-ghurmu bil-ghunmi. Maana yake, mwenye kula faida ndiye abebe hasara. Ndiyo inayotuambia kwa nini riba haifai, kwa nini washirika wa musharaka hawawezi kugawana faida halafu hasara wakamtupia mmoja. Sasa, mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipima jambo ambalo ukilitazama ni kanuni hii hii. Walichukua chembe ndogo za moshi na vumbi zinazoingia mpaka ndani ya mapafu, wakauliza mambo mawili: nani, kwa matumizi yake ya bidhaa na huduma, anasababisha moshi huu, na nani anauvuta? Wakakuta Wamarekani weupe wanavuta pungufu kwa asilimia 17 ya uchafu unaotokana na matumizi yao. Weusi wanavuta zaidi kwa asilimia 56. Wenye asili ya Kilatino wanavuta zaidi kwa asilimia 63. Faida huku, hasara kule. Mtu akikuletea mkataba wa biashara wenye masharti hayo utamwambia haramu bila kufungua kitabu.

Na sisi tusijitoe. Betri ya gari langu ikifa, fundi huichukua na kunipunguzia bei ya mpya. Sijawahi kumwona mtu akiuliza ile kuukuu inakwenda kuyeyushwa wapi, na karibu na mlango wa nani.

Baada ya darsa moja ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma. Anakaa karibu na kiwanda, sitasema kipi. Mtoto wake ana kifua kisichopona, jirani ameharibu mimba mbili. Akaniambia, "Sheikh, tumewahi kuambiwa hii ni kadari ya Mungu, tusubiri, tutalipwa. Je, tukienda kulalamika tunapoteza thawabu?" Alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba ameuliza jambo la aibu.

Nilimjibu nikiwa nimesimama, na hapa nalirudia nikiwa nimekaa. Mama yangu, subira ni juu ya msiba. Dhulma ina mlango wake mwingine. Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Ta'ala katika Suratun Nisaa ameeleza kwamba hapendi maneno mabaya kutangazwa, kisha akamtoa mmoja: aliyedhulumiwa. Ameruhusiwa na Mola wake kupaza sauti. Umar, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alipowageuza watu wake wasiingie kwenye nchi ya tauni aliulizwa kama anakimbia kadari ya Mungu, akajibu kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari nyingine. Kupima damu ya mtoto ni kadari. Kwenda mahakamani ni kadari. Na thawabu yako, inshaAllah, haipungui hata chembe. Anayemwambia mwenye kuonewa asubiri, huku mwenye kuonea hamwambii neno, ajitazame amesimama safu ya nani.

Nasema hivyo nikijua vishawishi vyetu. Miaka michache nyuma mwenye kiwanda kimoja alitaka kutuwekea zulia jipya msikiti mzima na kutufuturisha Ramadhani yote. Ni mtu mkarimu, simtukani. Lakini maji ya kiwanda chake hupita kwenye mtaro ulio wazi nyuma ya nyumba za waumini wetu, na siku nyingine huwa ya buluu. Kamati ikagawanyika. Mzee mmoja akasema sadaka hairudishwi. Mwingine, fundi cherehani, mtu asiyesema sana, akauliza tutasujudu vipi juu ya zulia lile tukiisikia harufu ya mtaro. Mwishowe tukamwandikia kwa adabu: Mwenyezi Mungu akulipe kheri, tunaomba pesa za zulia na futari uzitie kwanza kwenye kusafisha maji na kufunika mtaro, na hiyo tutaihesabu kuwa sadaka kubwa kuliko zulia. Hatukupata jibu. Zulia tulisikia limekwenda msikiti mwingine. Letu bado ni lile la zamani, lina kiraka karibu na mihrabu, na mtaro bado uko wazi.

Kwa walio Kenya, jueni pia kwamba katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla ya kuthibitisha kuwa kuna mtu ameshaumia. Na mradi mkubwa unapotaka kujengwa, tathmini ya athari zake kwa mazingira hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Matangazo hayo hutoka kwenye magazeti ambayo watu wa mabandani hawayanunui, kwa Kiingereza ambacho wengi hawakisomi. Vijana wetu wa chuo mnaokaa barazani mkibishana mpira, hii ni kazi inayowangoja: litafuteni tangazo, lifasirini, lisomwe baada ya swala ya Ijumaa mtaa unaohusika.

Jumamosi baada ya Maghrib, inshaAllah, tutausoma mlango ule wa Minhaj pamoja na sherehe zake, neno kwa neno. Ndugu yetu mmoja wakili atakuwapo kueleza kifungu cha 70 kwa Kiswahili. Akina mama nafasi yenu ipo, na yule mama ameniahidi kuja na majirani zake. Wenye vyeti vya vipimo vya damu za watoto waje navyo, na wasio navyo waje na majina ya watoto, tutafute namna ya kuwapima.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.